Kidole Kilichonasa

Hotuba kwa mafundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, Siku ya Kisukari Duniani

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

(Ukumbi: Marahaba!)

Walionialika walitegemea nije na habari za sukari na ugali wa dona, kwa kuwa leo ni tarehe 14 Novemba. Habari hizo mnazisikia kila mwaka, na wengine hapa mnaweza kuzihubiri kunishinda. Mimi ni daktari wa mifupa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mikono. Nitaanzia kwenye kidole. Kisukari kitajileta chenyewe kabla sijakaa.

Kwanza kazi ndogo. Mama, weka mkasi chini, hautaibiwa. Nyoosheni mkono wa kulia mbele, kiganja kitazame juu. Kunjeni ngumi. Kazeni. Sasa fungueni polepole. Kuna ambaye kidole kimoja kimebaki nyuma, wenzake wameshafunguka?

(Mikono inainuka, mmoja mmoja. Kicheko.)

Watano. Na yule kaka anayeuficha mkono mfukoni, sita. Msione haya. Katika kila watu mia, wawili au watatu hupatwa na jambo hili wakati fulani maishani, wanawake kuliko wanaume, na zaidi baina ya miaka arobaini na sitini. Kwa wenye kisukari hesabu inapanda, inafika mtu mmoja katika kila kumi, na pengine zaidi. Kwa hiyo sita katika ukumbi huu hawanishangazi hata kidogo.

Mambo yenyewe mnayajua. Unaamka asubuhi, kidole kimekunjwa. Unakiambia kinyooke, hakitaki. Unakishika kwa mkono wa pili, unakivuta, na ghafla, ta! Kinafyatuka. Maumivu yanapiga kwenye kifundo cha kati cha kidole, hata unaapa kwamba ugonjwa uko pale. Unapaka dawa ya kuchua pale pale. Mchana kidole kinalegea kidogo, unakisahau. Kesho asubuhi ni yale yale.

Wazungu wamekipa jina la kifyatulio cha bunduki. Sisi bado hatujakubaliana jina moja. Wagonjwa wangu husema kidole kinanasa, kinakwama, kinafyatuka. Bibi mmoja kutoka Pangani aliniambia, "Mwanangu, kidole changu kina kwikwi." Nimelitafuta jina zuri kuliko hilo, sijalipata.

Lakini kuna neno moja linalonipa taabu, nalo ni mshipa. Kiswahili chetu kitamu, ila neno hili tumelibebesha mizigo. Mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, kano ni mshipa, na ngiri nayo mzee akiona haya kuitaja husema ana mshipa. Mtu akiingia akasema "daktari, mshipa umenasa," naanza na maswali matano kabla sijamgusa. Leo nitasema kano kwa ile kamba inayovuta kidole, na neva kwa ule uzi unaoleta hisia. Mkinisikia nimesema mshipa, nitakuwa namaanisha wa damu tu.

Sasa tazameni hapa kwenye kigasha, chini ya kiwiko. Shikeni kwa mkono wa pili, halafu chezesheni vidole. Mnasikia nyama zinavyotembea? Nyama zinazokunja vidole ziko huku, mbali na vidole vyenyewe. Kila kidole kinavutwa na kano mbili ndefu zinazotoka huku, isipokuwa kidole gumba ambacho kina moja. Zikifika kiganjani, kano zinaingia ndani ya ala, kama jambia ndani ya ala yake. Na ili zisiruke kutoka kwenye mfupa, ala hiyo imefungwa kwa pete ngumu tano, na katikati ya pete kuna vifungo vyepesi vitatu vilivyokaa msalaba. Pete ya pili na ya nne ndizo wakubwa wa nyumba. Ukizikata, kano inaachana na mfupa na kutokeza kama kamba ya upinde, na kidole hakina nguvu tena. Pete ya kwanza iko kwenye shina la kidole, hapa kiganjani, chini ya ile mistari ambayo watazamiaji husomea bahati. Hiyo ukiifungua, kidole hakipungukiwi kitu ambacho mwenyewe atakihisi.

Ugonjwa wetu uko kwenye pete hiyo ya kwanza.

Ninyi mtanielewa kuliko wanafunzi wangu. Umeshona sketi, unatia lastiki kwenye upindo. Umeifunga kwenye pini, unaisukuma. Upindo uliubana mno pale mwanzoni, au lastiki ina fundo. Inafika mlangoni inagoma. Unavuta kwa nguvu, inapita kwa kishindo. Ukiirudisha, inagoma tena. Fundi, hapo unaichana sketi nzima?

(Ukumbi: Hapanaaa!)

Unafanyaje?

(Sauti: Nafumua pale mlangoni!)

Unafumua mishono miwili mitatu pale mlangoni. Basi ningeweza kuishia hapa nikanywa chai, maana hiyo ndiyo tiba ya kidole kilichonasa. Mengine yote nitakayosema ni habari ya kufumua kwa chombo gani, lini, na nani asifumuliwe.

Mwaka 1850 daktari wa Ufaransa, Alphonse Notta, alieleza ugonjwa huu na kulitaja fundo linaloota kwenye kano. Kwa muda mrefu fundo likabeba lawama zote. Tukilipapasa tunalikuta kweli, kama punje ya njegere chini ya ngozi, linapanda na kushuka kidole kikitembea. Lakini mkosaji mkubwa ni mlango. Pete inanenepa, inabadilika, inaanza kufanana na gegedu, ile nyama ngumu ya sikioni. Kano inapojilazimisha kupita, nayo inavimba. Ikivimba, mlango unazidi kuwa mwembamba kwake. Zinachukiana hivyo mpaka siku moja kidole kinakataa kabisa.

Kwa nini mimi? Hilo ndilo swali la kwanza, na fundi cherehani hulijibu mwenyewe: ni mkasi. Miaka ishirini nakata vitenge vya watu, mkasi umeniharibu. Nawaheshimu, lakini sikubali haraka hivyo. Kushika kitu kwa nguvu kutwa kunaweza kuuamsha mlango ambao tayari umenuna, ila ushahidi kwamba kazi peke yake ndiyo inayouleta ugonjwa hauko imara. Nimewaona walimu nao, na makarani, na mzee mmoja aliyestaafu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza redio. Ushahidi wenye nguvu uko kwenye kisukari. Sukari ikizidi kwenye damu miaka na miaka, inajibandika kwenye zile nyuzi zinazoshikilia mwili, na nyuzi zinakuwa ngumu. Ndiyo maana mtu yule yule ana kidole kinachonasa, ana bega lililoganda, na usiku anaamka mkono umekufa ganzi.

Wekeni viganja pamoja mbele ya kifua, hivi, kama mtu anayeomba msamaha kwenye filamu za Kihindi. Vidole vigusane kuanzia ncha mpaka shina. Tazama wa jirani yako. Ukiona katikati pamebaki nafasi, viganja vimeshindwa kukutana kwa sababu vidole havinyooki sawasawa, mtu huyo apime sukari leo, pale mezani, kabla ya pilau. Kama tayari anajijua ana kisukari, aulize kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimesoma ngapi. Nimekwisha kuwatambua watu wenye kisukari kwa kuanzia kwenye kidole. Walikuja kwangu kwa ajili ya ta, wakaondoka na barua ya kwenda kliniki ya sukari.

Tuje kwenye tiba.

Kama kidole kinauma tu na kunasa mara moja moja, na hakijafika miezi mitatu, kuna gango. Ni kipande kidogo cha plastiki kinachozuia shina la kidole lisikunjike, huku ncha ikiwa huru. Hufungwa usiku kwa wiki sita hivi, wengine zaidi. Linasaidia baadhi ya watu, na halina hatari. Wengi wenu hamtalivaa, nawajua, mtalivua siku ya tatu mteja akija na gauni la harusi.

Ya pili ni sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayochomwa hapo hapo kwenye shina la kidole. Hii ni dawa nzuri na naipa heshima yake. Zaidi ya nusu ya watu hupona kwa sindano moja, na ya pili huokoa wengine. Kwa wenye kisukari haifanyi vizuri hivyo, na huja na jambo ambalo lazima uambiwe kabla: sukari inapanda. Kwa siku kadhaa, tano hivi, mashine yako itasoma namba za kutisha. Mama mmoja alichomwa mahali fulani, hakuambiwa neno. Usiku wa pili mashine ikasoma 19. Akadhani mashine imeharibika, akaazima ya jirani, nayo ikasoma 19. Akaanza kuandika wosia. Ingetosha mtu amwambie, "Mama, itapanda, pima asubuhi na jioni, ikivuka hapa nipigie." Maneno tisa tu yangemwachia usingizi wake.

Sindano hiyo pia inaweza kuacha doa jeupe kwenye ngozi, na kwa sisi weusi linaonekana. Mimi huchoma mara moja, na nikiona imesaidia nusu nachoma ya pili. Ya tatu nakataa. Na kama tutafungua kidole kwa upasuaji, hupenda ipite kama miezi mitatu tangu sindano ya mwisho, kwa kuwa kidonda kinachofuata steroidi kwa karibu huambukizwa kwa urahisi zaidi.

Sasa ya tatu, ambayo wengi mmeisikia nusu nusu: kufungua pete kwa tundu la sindano, bila kukata ngozi. Si jambo la jana. Daktari mmoja wa Ubelgiji, Lorthioir, aliandika mwaka 1958 jinsi alivyofungua pete kwa kijisu chembamba kilichopitishwa chini ya ngozi. Baadaye wakaja walioona kwamba hata kijisu si lazima: sindano ya kawaida ya hospitali, ile yenye kitako cha kijani, unene wake milimita 0.8, ncha yake ni kisu tosha. Katika taarifa nyingi zilizoandikwa, zaidi ya watu tisa katika kila kumi hupona.

Niwaonyeshe kwa mtu. Mwaka jana alinijia mama anayekaanga maandazi. Kidole cha pete, mkono wa kulia, kinanasa kwa mwezi wa nane sasa. Alikuwa amekandwa kwa mafuta ya nazi, amevutwa kidole na jamaa mwenye sifa za kuvuta, na amepigwa hijama begani. Hijama ina wenyewe, sitaingia humo, ila begani ni mbali na hapa. Ana kisukari, anameza metformini. Sindano mbili za steroidi zilikwisha kupita: ya kwanza ilimpa miezi minne, ya pili wiki tatu. Pete ya ndoa aliivua kwa sabuni.

Akakaa, mkono mezani. Nikasafisha, nikachora kwa kalamu mstari wa katikati ya kidole mpaka kiganjani, na alama pale unapokatiza mstari wa mwisho wa kiganja. Nikamchoma ganzi. Hiyo inauma, sitawadanganya, inaunguza kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha kiganja kikalala. Lakini sikilizeni: nyama zinazokunja kidole ziko kwenye kigasha, nako sikutia ganzi. Kwa hiyo kidole hakihisi, lakini kinatii. Hilo ndilo linalofanya kazi hii iwezekane.

Nikaviringisha kitambaa nikakiweka chini ya mkono, nikakipindua kidole nyuma. Kikipinduliwa hivyo, kano inapanda juu karibu na ngozi, na neva na mishipa inabaki kando, kushoto na kulia. Nikaingiza sindano. Nikamwambia, "Mama, chezesha ncha ya kidole." Sindano ikayumba kama mlingoti wa ngalawa. Maana yake ncha imeingia kwenye kano, na hapo sipataki. Nikairudisha nyuma kidogo, chezesha tena, inayumba. Kidogo tena. Chezesha. Imetulia. Sasa ncha iko ndani ya pete yenyewe. Nikaanza kukwaruza kwa urefu wa kidole, mbele na nyuma, kamwe si kwa kukatiza. Mnajua wembe unavyolia ukifumua mshono wa jinzi? Mlio ndio huo, unausikia vidoleni zaidi kuliko masikioni. Krr, krr, krr. Halafu kimya. Wembe umekosa uzi.

"Kunja, mama." Akakunja. "Kunjua." Kikafunguka pamoja na wenzake. Akarudia, akarudia, mara kumi hivi, anakitazama kidole kama cha mtu mwingine. Kisha akaniuliza, "Na ule mlio umeuweka wapi?"

Dakika kumi hazikufika. Hakuna uzi, hakuna kushonwa, plasta moja. Nilimwambia asiguse unga wala mafuta ya moto kwa siku tatu. Alipumzika siku moja na nusu, mwenyewe ameniambia baadaye. Kiganja kilibaki kinamuuma akikibonyeza kwa wiki tatu nne, jambo la kawaida. Asubuhi kidole kinaamka kimenyooka.

(Makofi.)

Msipige makofi bado, kuna upande wa pili wa kanga.

Kidole gumba ni kitu kingine. Ile neva ya upande wake wa nje haikai kando kwa adabu kama za vidole vingine. Inakatiza juu ya ala, mahali pale pale ilipo pete. Miaka ya nyuma, nilipokuwa nimekwisha kufungua vidole vingi kwa sindano na kujiona hodari, nilikifungua kidole gumba cha fundi viatu kwa njia hiyo hiyo. Kufyatuka kuliisha. Lakini ukingo mmoja wa kidole ulikufa ganzi. Mtu anayesukuma sindano kwenye ngozi ya kiatu anataka ahisi kila kitu kwenye gumba lake. Ilichukua miezi mitano hisia kurudi. Siku hizo zote tulipokutana sokoni alinionyesha gumba kwanza, salamu baadaye, na alikuwa na haki. Tangu hapo kidole gumba nakifungua kwa macho. Kidole cha shahada nacho nakiogopa kidogo. Cha kati na cha pete ndivyo vinavyofaa zaidi kwa sindano.

Kufungua kwa macho nako kusiwatishe. Mchano ni sentimita moja, moja na nusu. Tundu la kifungo cha koti. Naona pete, naona neva, nakata ninachokiona, nashona nyuzi mbili tatu ambazo hutolewa baada ya siku kumi mpaka kumi na nne. Watu wanaulizana, ipi ni ya kisasa? Siku hizi "bila kisu" limekuwa neno la biashara, na mtu yuko tayari kulipa zaidi ili asichanwe sentimita moja. Mimi nasema kipimo kiwe pete imefunguka yote na neva iko salama. Kidole cha pete nitakipa sindano. Kidole gumba nitakipa kisu. Mgonjwa akinilazimisha kinyume chake, namwelekeza kwa mwenzangu.

Kuna na njia ya tatu inayozikutanisha hizi mbili: kutumia altrasaundi, mashine ile ile inayotazama mimba, ila kwa kichwa kingine, kilichonyooka na chenye kuona karibu. Daktari anaiona pete imenenepa, anaiona ncha ya sindano inavyotembea, anaiona neva iko wapi. Ni njia nzuri sana mkononi mwa aliyeizoea. Tabu yetu ni kwamba hospitali nyingi mashine ni moja, iko kwa wajawazito, na wajawazito wana foleni yao.

Swali, fundi? Sema kwa sauti.

(Fundi: Daktari, mimi naogopa kulazwa usingizi. Shangazi yangu alilazwa, hakuamka.)

Pole sana, fundi. Kwa kidole hakuna kulazwa usingizi. Yote niliyoeleza, ya sindano na ya kisu, mtu yuko macho na anaongea. Daktari wa Kanada, Donald Lalonde, ameitangaza sana njia hii ya upasuaji wa mkono: mgonjwa macho, ganzi na adrenalini kidogo ya kuzuia damu, bila ule mkanda wa kubana mkono ambao ndio unaowaliza watu. Sisi wa zamani tulifundishwa kwamba adrenalini haitiwi kidoleni kamwe, kidole kitakufa. Ilikuwa kama amri. Ikaja kuonekana kwamba vidole vile vilivyokufa zamani vilichomwa dawa nyingine ya ganzi, prokaini, iliyokuwa ikikaa kwenye chupa mpaka inageuka kuwa tindikali. Mwaka 2005 ukatolewa utafiti wa Kanada wa wagonjwa 3,110 waliotiwa adrenalini mkononi na vidoleni. Hakuna kidole hata kimoja kilichopotea. Na kuna faida nyingine: ukiwa macho, nakwambia ukunje kidole kabla sijashona. Kama bado kinanasa, namalizia pale pale. Usingekuwa macho, tungejua wiki ya pili, mimi na wewe tumenuniana.

(Mama wa pili: Kinarudi?)

Kwenye pete ile ile iliyofunguka vizuri, mara chache sana. Lakini vidole vingine vinne viko palepale, na sukari ndiyo ile ile. Mama, unaweza kumaliza cha pete mwaka huu, mwakani ukaja na cha kati. Sitaki uone umedanganywa.

Na wapo ambao sindano yangu haiwahusu kabisa. Mwenye baridi yabisi ile ya kuvimba viungo vyote, huyo pete yake haikatwi ovyo, vidole vitapinda upande. Aanze kwa daktari wa baridi yabisi. Mtoto mdogo ambaye gumba lake limekunjwa na halinyooki, msimvute wala msimchome. Wengine hunyooka wenyewe wakikua, wengine huhitaji upasuaji mdogo, na kusubiri kwa uangalizi hakuna ubaya. Na mtu ambaye kidole kimekaa kimekunjwa mwaka mzima: nikifungua pete, kifundo cha kati kitakuwa kimeganda. Mlango umefunguliwa, mwenye nyumba amepooza. Huyo atafanya mazoezi wiki nyingi, na pengine kisinyooke chote. Ndiyo maana nawasihi msikae na kidole miaka mkingoja kipoe.

Moja ambalo si la kusubiri hata kesho. Kidole kimevimba chote, kuanzia shina mpaka ncha, kama soseji. Kimejikunja nusu. Ukikigusa kwa urefu wa ala unaruka. Mtu akijaribu kukunyooshea, unalia. Dalili hizo nne aliziandika daktari wa Chicago, Allen Kanavel, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na bado hazijachuja. Huo ni usaha ndani ya ala. Mwenye kisukari aliyejichoma sindano ya cherehani jana na leo ana kidole hicho, asiende kukandwa. Aende hospitali usiku huo huo, maana kidole kinaweza kukatwa, na mkono ukafuata.

Kuhusu gharama sitataja bei, kila hospitali ina yake. Ulizeni kabla. Mwenye bima aulize kwa jina la kazi, si kwa jina la ugonjwa: "kufungua kano ya kidole kwa ganzi." Karani ataipata haraka. Na umwulize daktari maswali mawili. Amefungua vidole vingapi kwa sindano? Na akishindwa katikati, yuko tayari kufungua kwa kisu siku hiyo hiyo? Akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Nimeongea kupita muda, mwenyekiti ananionyesha saa. Meza ya kupima sukari iko kushoto, karibu na mlango, na wale wauguzi wawili watabaki mpaka saa nane. Mimi nitakaa kwenye kile kiti cha pembeni nitazame mikono, bure. Ila wa kwanza nimeshamchagua: mama wa kitenge cha kijani huko nyuma, ambaye tangu nianze anakunja na kukunjua kidole cha kati chini ya meza akidhani simwoni. Njoo mama, na pete uivue kabisa.